Buloni ya Nyuma



Katika likizo kubwa iliyopita tulitoa injini ya gari katika ua wa nyumba yetu, hapa Bukavu. Tuliitoa pamoja na sanduku lake la gia, kwa mikono ya watu watatu, kwa miti mitatu ya mikaratusi na kwa palani ya kuazima, ile mashine ya mnyororo ya kuinulia mizigo. Kazi ilichukua siku 3, nayo ilifanikiwa. Lakini katikati ya kazi hiyo, kwa muda usiozidi dakika 2, tulikaribia kuuponda mkono wa mtoto wa dada yetu. Kosa halikuwa la miti wala la mnyororo. Lilikuwa letu, na tulikuwa tumeliandika wenyewe, kwa mwandiko mzuri, katika daftari.

Sisi tunaoandika mistari hii tumevuka miaka 50, na kazi yetu ni kuwatayarisha vijana watakaofundisha katika shule za msingi. Kila mwenye kazi kama hiyo katika nchi yetu anajua kwamba mshahara peke yake haulipi karo ya watoto wanne. Ndiyo sababu tulikuwa na gari. Ni Toyota Corolla ya zamani, yenye usukani upande wa kulia kama magari mengi ya Kivu yanayotufikia kutoka Japani, ingawa sisi Wakongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Mchana kijana wa jirani aliliendesha kama teksi, na kile alichotuletea jioni ndicho kilichowapeleka watoto shuleni.

Mwanzo wa mambo ulikuwa uzembe. Kwa miezi mingi tuliona tone la mafuta chini ya gari kila asubuhi, tukaongeza mafuta tulipokumbuka, tukaacha tuliposahau. Jioni moja ya mwezi wa sita, tukitoka upande wa Kavumu, taa nyekundu ya mafuta iliwaka. Taa ile haituambii kwamba mafuta yamepungua kidogo na kwamba tutaongeza kesho. Inatuambia kwamba msukumo wa mafuta ndani ya injini umeshuka, na kwamba injini yapasa kuzimwa papo hapo, maana vyuma vinavyozunguka vimeanza kukosa utando wa mafuta unaovitenganisha. Tulilijua hilo. Tukatazama kilima kilichobaki, tukasema, "Tutafika." Tulifika kweli, lakini injini ilikuwa imeanza kugonga, sauti nzito kama ya nyundo ndani ya pipa, iliyoongezeka kila tulipokanyaga.

Kijana wetu wa kwanza alikuja kesho yake. Yeye ni fundi wa magari. Yatupasa kusema kwamba hilo halikuwa pendeleo letu: tulimwandikisha katika masomo ya ualimu, naye katika mwaka wa nne akayaacha, akaingia gereji kujifunza. Hatukumfukuza nyumbani wala hatukumtukana. Tulifanya jambo jingine, ambalo pengine lilimwuma zaidi: kwa muda mrefu hatukumwuliza hata mara moja habari za kazi yake. Mezani tulizungumza juu ya shule, naye alikula kimya.

Siku hiyo aliiwasha injini kwa muda mfupi, akaondoa waya za buji moja baada ya nyingine. Alipoondoa waya wa buji ya tatu, mgongo ule ulipungua, kwa kuwa pistoni ya tatu ilikuwa haisukumwi tena na moto. Akazima. Akatueleza kwamba kusineti, yaani vile vipande vyembamba vya madini laini vinavyokaa kati ya mkono wa pistoni na shafti kuu, vilikuwa vimekwisha. Kwamba shafti kuu yenyewe ilibidi itolewe ikasuguliwe kwenye mashine. Na kwamba haitoki mpaka injini nzima itoke. Gereji tuliyoiendea ilitaja bei iliyozidi karo ya mwaka mzima. Kijana wetu akasema polepole, "Baba, tunaweza kuifanya hapa nyumbani. Lakini itakuwa vizuri nikiongoza mimi." Tulikubali kwa mdomo.

Asiyejua mji wetu hawezi kufahamu ugumu wa jambo la kwanza, ambalo ni uwanja. Bukavu imejengwa juu ya miteremko, na ua wa mtu wa kawaida hauna mahali pa kutosha palipo tambarare. Tuliondoa kuni na banda la kuku, tukasawazisha ardhi kwa jembe, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Mama wa nyumba aliambiwa ahamishe mbabula yake nyuma ya nyumba, kwa sababu bomba la esansi likifunguliwa hubaki na msukumo ndani na hurusha matone, na kaa moja tu lingetosha kutuangamiza. Kisha kijana wetu aliondoa kwanza waya wa betri ulio upande wa kutoa, ili ufunguo ukigusa chuma cha gari usizue cheche.

Sisi tulijipa kazi ya daftari. Katika hilo tulijiona mabingwa, na kijana wetu alifurahi, maana mafundi wengi huharibikiwa wakati wa kurudisha kuliko wakati wa kutoa. Tuliandika kila kitu kilichofungwa kati ya injini na gari: mipira ya maji ya radiatori na ya joto, bomba za esansi, kamba ya kanyagio, waya wa masi, plagi za umeme, kamba za gia, kamba ya kipimo cha mwendo, bomba la moshi, na mikono minne inayoishikilia injini katika mwili wa gari. Waya za buji tulizibandika namba kuanzia 1 hadi 4, maana moto wa injini ile hufuata utaratibu wa 1, 3, 4, 2, na waya zikibadilishana nafasi haiwezi kuunguruma sawasawa. Buloni za kila sehemu ziliingia katika kopo lake lenye jina. Kila kitu kilipotoka tuliweka alama pembeni ya jina lake. Tulihesabu mistari 41.

Siku ya kwanza tulimwaga maji na mafuta. Katika beseni hayakufika hata lita 2, wakati injini ile inahitaji karibu 3. Hakuna aliyesema neno, lakini mama wa nyumba aliyatazama mafuta yale meusi yenye kumetameta kwa unga wa madini, akatutazama na sisi.

Siku ya pili ilikuwa ya kazi za chini ya gari. Hapo tulijifunza jambo ambalo hatungelijua kamwe kwa akili yetu. Katika gari la namna hii injini imelala kwa upana, na nguvu hupita katika shafti mbili, ambazo mafundi wetu huziita kardani, hadi kwenye magurudumu ya mbele. Sisi tulidhani kardani zitolewe kabisa. Kijana wetu alikataa. Gari, alisema, litasukumwa nyuma baada ya injini kupanda, na gurudumu lisilo na kardani ndani yake likibeba uzito huo hupasua beringi yake. Basi alifungua kiungo cha chini cha kila gurudumu, akalivuta nje kidogo, akachomoa ncha ya ndani ya kardani kutoka katika sanduku la gia kwa chuma bapa, akaifunga kwa kamba isining'inie, akarudisha kiungo mahali pake. Alifanya hayo kwa utulivu wa mtu anayefunga kifungo cha shati. Tukatambua kwamba tulikuwa tukimwangalia kwa mara ya kwanza akifanya kazi.

Jioni ya siku hiyo ilibaki mikono ya injini. Mkono wa nyuma ndio uliojificha: uko kati ya injini na ukuta wa gari, chini, mahali ambapo jicho halifiki na vidole hufika kwa taabu. Tuliomba tuufungue wenyewe. Tulihangaika karibu nusu saa, nati ikatoka. Buloni yenyewe ilikataa kutoka, kwa kuwa ilikuwa imebanwa na uzito wa injini iliyoilalia. Giza lilikuwa linaingia. Tulijiambia kwamba kesho tutaisukuma itoke, na kwamba kazi kubwa ilikuwa nati. Tukanawa mikono, tukafungua daftari, na pembeni ya maneno "mkono wa nyuma" tukaweka alama.

Asubuhi ya siku ya tatu tulisimamisha miti mitatu, miwili pembeni ya mabawa ya gari na mmoja mbele. Kijana wetu alichimba vishimo ili miguu isiteleze, akaifunga kamba kati yake isipanuke, akatundika palani kichwani. Mnyororo ulishikwa katika masikio ya chuma ambayo injini ilitengenezwa nayo kwa kazi hiyohiyo. Kisha alituita sote watatu, yaani sisi, yeye, na mpwa wetu wa miaka 16 aliyekuja kusaidia, akasema sheria moja: mzigo ukiwa juu, hakuna mkono wala mguu wala kichwa cha mtu chini yake, hata kwa nukta moja, hata kama kitu kimeanguka. Injini ile na sanduku lake la gia vina uzito unaozidi kilo 150. Tulitikisa kichwa kama wanafunzi wema.

Sisi ndio tuliovuta mnyororo wa palani. Mnyororo wa mzigo ulikaza, injini ikatetemeka, ikapanda upana wa vidole viwili. Kisha ikasimama. Tukavuta tena. Sasa pua ya gari lenyewe ilianza kuinuka. Tuliiona. Tulijisemea kwamba imekwama tu kidogo, kwamba ikivutwa zaidi itaachia. Neno lilelile la njia ya Kavumu, kwa sura nyingine. Tukavuta. Mti wa kushoto ukapinda na kutoa mlio. Mpwa wetu, kwa moyo wa kutaka kumsaidia mjomba wake, aliinama akapeleka mkono chini ya sanduku la gia ili alisukume.

Kijana wetu alimkamata shati kwa nyuma, akamtupa chini mavumbini, akatupigia kelele: "Acha!"

Hakusema "Baba." Tangu azaliwe hajawahi kutuambia neno bila kuliambatanisha na jina hilo. Tuliachilia mnyororo, na palani ikaushika mzigo kama ilivyoundwa kufanya. Tulihisi damu ikitupanda usoni. Tukamjibu kwa sauti ya darasani, "Hakuna kilichobaki. Vyote 41 vimetolewa. Vimeandikwa."

Akajibu, sasa kwa sauti ya chini, "Baba, gari haisomi daftari. Pua ikipanda pamoja na injini, kuna kitu bado kimezishika."

Alituomba tushushe mzigo mpaka injini ikae tena mahali pake na mnyororo ulegee. Ndipo alipolala kifudifudi juu ya injini na kuingiza mkono nyuma yake, akipapasa, macho yake yakitazama mbali kama mtu anayesikiliza. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasema, "Ipo." Buloni ya mkono wa nyuma, isiyo na nati, ilikuwa imekaa imara katika tundu lake. Kama tungeendelea kuvuta, aidha mti ungevunjika, aidha buloni ingejichomoa ghafla na injini ingeruka kama ng'ombe aliyekatiwa kamba, na mkono wa mtoto ulikuwa pale.

Alituomba tuvute mnyororo kidogo tu, kiasi cha kuuondolea mkono ule uzito, wala si zaidi. Tukavuta makuti matatu. Akasema, "Basi." Naye akaichomoa buloni kwa vidole viwili.

Tuliitazama mikononi mwake. Kitu ambacho nguvu zetu zote za jioni hazikukitoa, na ambacho asubuhi tulitaka kukikata kwa palani, kilitoka chenyewe kilipopunguziwa mzigo. Baada ya hapo injini ilipanda polepole, ikiwa imeinama upande wa sanduku la gia, ikapita juu ya ukingo wa mbele bila kugusa. Tukaondoa mawe, tukalisukuma gari nyuma, kisha tukaishusha injini juu ya matairi mawili ya zamani. Ilikuwa saa sita mchana. Mama wa nyumba alileta ugali, na hakuna aliyekula sana.

Alasiri walitenganisha injini na sanduku la gia. Hapo lilionekana lile tone la asubuhi lilikotoka. Nyuma ya shafti kuu, mahali injini inapokutana na klachi, kuna pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kimefichwa katikati ya vyuma viwili vizito, na asiyevitenganisha hakioni. Kwa miezi mingi tuliongeza mafuta juu bila kutaka kujua yalikuwa yanapotelea wapi.

Usiku ule kijana wetu alikuja barazani akasimama. "Baba, nisamehe, nimekupandishia sauti mbele ya mtoto." Tulimwambia akae. Tukamwomba msamaha sisi, kwanza kwa ajili ya alama ile katika daftari, ambayo tulimweleza jinsi tulivyoiweka. Kisha kwa ajili ya ile miaka ya kimya mezani. La pili lilikuwa gumu kulisema kuliko la kwanza. Alisikiliza akitazama mikono yake, ambayo mafuta hayatoki tena katika mistari yake. Mwishowe alituuliza kama tungependa kumwona akirudisha kardani, kwa kuwa kurudisha kuna ufundi wake.

Tangu siku hiyo tumefikiri sana juu ya alama ile. Hatukuiweka kwa nia ya kumdanganya mtu. Tuliiweka kwa uchovu, kwa kupenda ukurasa uliojaa, na kwa sababu sehemu ngumu ilikuwa imekwisha kufanyika machoni petu. Tukikumbuka miaka yetu katika kazi, tunaona alama nyingi za namna hiyo. Tumetia sahihi maandalio ya masomo ambayo hatukuyasoma mpaka mwisho. Katika orodha ya mafundisho tumeandika kwamba mtoto amejua, wakati amekariri tu na sisi tulitaka kurudi nyumbani kabla ya mvua. Nati ilikuwa imetoka, buloni ilikuwa bado ndani. Na mtoto yule alipokwama mbele, sisi tulivuta kwa nguvu zaidi, tukamwita mvivu, badala ya kushusha mzigo na kupapasa mahali jicho lisipofika.

Siku ya kurudisha injini, mwanzoni mwa mwezi wa nane, shafti ikiwa imesuguliwa na kusineti mpya za kipimo kilichopunguzwa kwa milimita 0.25 zikiwa ndani, kijana wetu alichukua daftari letu akapiga mstari mmoja wa kusimama katika kila ukurasa. Safu ya kwanza ilikuwa ya aliyefanya. Safu ya pili aliipa kichwa cha maneno mawili: "Nani ameona?" Hakuna kitu kilichohesabiwa kuwa kimefungwa mpaka mtu wa pili amekigusa kwa mkono wake mwenyewe. Mpwa wetu ndiye aliyetia alama katika safu hiyo penye mkono wa nyuma, baada ya kuingiza mkono uleule uliokaribia kupotea.

Injini iliwaka mara ya tatu. Taa nyekundu ya mafuta iliwaka kwanza, kama inavyopasa, kisha ikazimika. Karo ya muhula wa kwanza tuliilipa kwa kuchelewa, kwa vipande viwili, na mkuu wa shule alituvumilia.

Daftari lile tunalo darasani mwaka huu. Wanafunzi wetu wa ualimu wanapotuletea maandalio ya masomo, nao wamezoea kuona yamepigwa sahihi upesi, tunawaonyesha ukurasa wenye alama moja iliyofutwa kwa mstari mwekundu, tunawaeleza ni nini kilichokuwa nyuma yake. Kisha tunawaomba wapige mstari wa safu ya pili. Na Jumapili jioni, mezani, tunamwuliza kijana wetu ni gari gani lililomshinda wiki hii. Hujibu kwa kirefu.